Ile "Nyumba ya Mreno" ya Fukuchani Hakuijenga Mreno: Begi Mgongoni Kwenye Magofu ya Unguja

Wadau wa kusafiri, zile picha mnazijua. Dada au kaka mmoja, begi kubwa mgongoni, ameipa kamera kisogo, na mbele yake piramidi ya Wamaya imetokeza katikati ya msitu. Chichén Itzá kule Mexico, au Tikal kule Guatemala. Kapsheni huwa ni ileile: mji uliopotea, watu wa ajabu waliotoweka. Laiki zinamiminika, na chini yake nusu ya Dar wanaandika "na mimi Mungu anikumbuke".

Sina ubaya nazo, hata mimi naziangalia. Ila kuna kisiwa ambacho kutoka Dar ni boti ya kama saa mbili tu, na kina mabaki ya mji uliokuwa umechangamka wakati uleule Tikal ilipokuwa imechangamka. Wengi wetu tunakipita juu juu. Usiku Forodhani, urojo na pizza ya Kizanzibari. Kesho yake Nungwi, keshokutwa Kendwa, halafu boti ya kurudi. Kwenye njia hiyohiyo ya Nungwi gari linapita karibu kabisa na gofu la miaka mia tano, na abiria wako bize na simu.

Leo tushuke. Na tukishuka tutakuta stori ambayo si ya kawaida kwenye kurasa kama hizi. Tumezoea stori za watu wenye majina: nani kavaa nini, nani kaachana na nani. Waliojenga magofu ya Unguja hawana majina. Hakuna anayejua fundi aliitwa nani, mpishi aliitwa nani, mama mwenye nyumba aliitwa nani. Ukiwa huna jina, mdau, kazi yako inapewa mtu mwingine kirahisi sana. Hilo limetokea kwa Wamaya, na limetokea kwetu.

Kesi ya Wamaya kwanza

Mwaka 1839 mwanasheria mmoja wa Marekani, John Lloyd Stephens, na mchoraji wa Kiingereza, Frederick Catherwood, waliingia kwenye misitu ya Amerika ya Kati kutafuta magofu. Walikuta mahekalu, nguzo zilizochongwa sura za watu, na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma wakati ule. Vitabu vyao vilipotoka, Marekani na Ulaya watu walipagawa.

Swali likawa moja: nani kajenga? Majibu yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa vituko. Wengine walisema Wamisri. Wengine makabila ya Israeli yaliyopotea. Wengine wakataja watu wa Atlantis, mji ambao haujawahi kuonekana na mtu. Yaani alitajwa kila mtu, isipokuwa wakulima wa mahindi waliokuwa wakiishi palepale, pembeni ya magofu.

Stephens aliyaona kwa macho yake, akasema hapana: hii ni kazi ya mababu wa hawahawa watu mnaowaona hapa. Na alikuwa sahihi. Leo kuna mamilioni ya Wamaya Guatemala, Mexico na Belize, wanaongea lugha zao na kulima mahindi yao. Miji ndiyo iliyohamwa. Watu hawakupotea, wala hawakuwahi kupotea.

Shika hilo kichwani, sasa turudi nyumbani.

Fukuchani: kosa limeandikwa kwenye jina

Pale mjini unapanda daladala namba 116, ile ya Nungwi. Unamwambia konda akushushe Fukuchani, kijiji kilicho kabla ya Nungwi, upande wa magharibi wa kisiwa. Unatembea kuelekea baharini. Gofu liko karibu na ufukwe, na mbele yako ng'ambo ya maji unakiona kisiwa cha Tumbatu.

Ni nyumba ya mawe ya karne ya 16. Paa halipo tena, ila kuta zimesimama. Kuna milango yenye matao, kuna vidaka ukutani, na ukuta wa nje unaoizunguka nyumba una matundu madogo ambayo yanadhaniwa yalikuwa ya kupenyezea bunduki. Kaskazini kidogo, Mvuleni, kuna gofu jingine la aina hiyohiyo, na nje ya ukuta wake kuna pango lenye maji baridi.

Magofu yote mawili yamejulikana kwa miaka mingi kama nyumba za Wareno. Jina hilo limeingia kwenye vitabu, kwenye ramani, na kwenye midomo ya wapiga stori. Lakini wataalamu wa akiolojia waliopachunguza wanasema hizi ni nyumba za Waswahili. Ujenzi wake ni uleule unaoukuta kwenye miji mingine ya pwani, si wa Kireno.

Kwa nini basi Mreno? Sehemu ya jibu ni kwamba Wareno kweli walikuwepo. Vasco da Gama alipita karibu na Unguja mwaka 1499 akirudi kutoka India. Mwaka 1503 Ravasco akaja na meli yake, akateka vyombo vya watu na kulazimisha kisiwa kilipe kodi. Baadaye Wareno walijenga kanisa mjini, pale ambapo Waomani walikuja kujenga Ngome Kongwe baada ya Wareno kufukuzwa Mombasa mwaka 1698. Kwa hiyo nyumba ya zama za Wareno ikageuka kuwa nyumba ya Wareno. Maneno mawili tu yamebadilika, na fundi wa Kiswahili amepoteza nyumba.

Sehemu nyingine ya jibu inauma zaidi. Kwa muda mrefu watu waliliona jengo lolote la mawe Afrika, wakaanza kutafuta mgeni wa kumpa sifa. Udongo na makuti ni yetu, mawe na chokaa ni ya waliotoka mbali. Ndiyo mantiki ileile ya Wamisri na Wamaya.

Hebu liangalie gofu lenyewe. Mawe ni ya matumbawe, yamechimbwa hapohapo kisiwani. Chokaa imetokana na matumbawe hayohayo, yakachomwa kwenye tanuri la kuni. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Na boriti ya mkoko ina urefu wake, kwa kawaida haikufikishi mbali zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za pwani huwa virefu na vyembamba. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani Mji Mkongwe, nyoosha mikono uone. Upana wa chumba umeamuliwa na mti wa pwani yetu. Ufundi wa namna hiyo haushuki na meli ya mtu aliyekuja jana. Unakaa kwenye mikono ya watu kwa vizazi.

Na kuna kingine. Kwenye eneo hilohilo la Fukuchani, wachimbaji wamekuta mabaki ya kijiji cha kati ya karne ya 6 na ya 8. Mreno anafika bahari hii, tayari watu wana karibu miaka elfu moja pale.

Tumbatu: walihama, hawakuyeyuka

Ukiwa ufukweni Fukuchani unaitazama Tumbatu. Kusini mashariki ya kisiwa hicho, mahali panapoitwa Makutani, kuna magofu ya mji: msikiti mkubwa karibu na bahari, na nyumba za mawe. Mji huo ulishamiri kuanzia karne ya 12 hivi.

Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kamusi kubwa ya nchi za dunia. Ndani yake aliitaja Unguja, akasema vyombo vinakuja kutoka kila upande, na kwamba watu wake wamehamia kisiwa kingine kiitwacho Tumbatu. Fikiria: karne ya 13, mtu anaandika huko mbali kwenye nchi za Kiarabu, na jina la kisiwa unachokiona kwa macho limo.

Mji wa Makutani nao ulikuja kuhamwa. Lakini Watumbatu wapo. Wanavua, wanaunda ngalawa, na wana Kiswahili chao, Kitumbatu, ambacho wewe wa Sinza ukikisikia utaomba kirudiwe. Kama Wamaya: mji umekufa, watu wapo wanapika.

Kwenda Tumbatu si kama kwenda ufukweni Kendwa. Watu wake wanajulikana kwa kushika dini na kulinda faragha yao. Unaanza kwa kuomba ruhusa, unaenda na mwenyeji, unavaa kwa heshima.

Unguja Ukuu: mastaa ni vigae

Sasa tushuke kusini ya kisiwa, kwenye ghuba ya Menai. Wale wanaotaka piramidi hapa watasononeka. Unguja Ukuu hakuna mnara, hakuna tao. Kuna kijiji, minazi, mashamba, na ardhi iliyojaa vipande vya vyungu.

Ila huu ndio mji wenyewe mkongwe. Kati ya karne ya 7 na ya 10 hii ilikuwa moja ya bandari kubwa za pwani ya Afrika Mashariki. Wachimbaji wamekuta vyombo vya udongo vya China na vya Ghuba ya Uajemi, vipande vya bilauri na shanga. Karne ya 19 iliokotwa hapo sarafu ya dhahabu ya zama za Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad. Miongoni mwa walioichimba Unguja Ukuu ni Mzanzibari mwenyewe, Abdurahman Juma, ambaye utafiti wake ulichapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 2004.

Sarafu ya dhahabu ndiyo kila mtu anaitaja. Bakuli la China nalo linapigwa picha. Lakini sehemu kubwa kabisa ya vigae vilivyotoka ardhini ni ya vyungu vya hapahapa, vilivyofinyangwa kwa mkono, vikachorwa mistari na pembetatu shingoni kabla ya kuchomwa. Vyungu vya namna hiyo vimekutwa kuanzia Kenya mpaka Msumbiji na Comoro, na bara pia. Vinasema wazi mji ulikuwa wa nani. Mfanyabiashara wa Baghdad alikuja na pepo za kaskazi akaondoka na kusi. Aliyebaki akipika wali na samaki ndiye aliyekuwa mwenye mji.

Alichora pembetatu zile kwa kijiti au kwa ukucha, hatujui. Hakuandika jina. Lakini miaka 1,200 baadaye, mkono wake ndio ushahidi mkuu mahakamani.

Kizimkazi: tarehe iliyochongwa

Kusini kabisa, daladala 326 inakupeleka Kizimkazi. Wageni wengi wanakwenda kuwatafuta pomboo baharini. Wewe shukia Dimbani, uulize msikiti wa kale.

Kwa nje utasema ni msikiti wa kawaida tu wa kijijini, na kweli sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, na yana tarehe: mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe kwenye pwani yetu, na msikiti bado unasaliwa. Vua viatu, omba ruhusa kwanza, usiingie wakati wa sala, na ukikuta kisanduku cha mchango usijifanye hujakiona.

Hapa kuna wadau watasema: sawa, lakini si tunaambiwa hawa walikuwa Washirazi, watu wa Uajemi? Swali la haki. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walikuwa na asili mchanganyiko. Zaidi ya nusu ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na hiyo kwa wingi ni ya wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000.

Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wanatunga. Wageni walikuja, wakaoa, wakakaa. Lakini walioa kwenye nyumba ambazo tayari zilikuwa na wenyewe. Lugha iliyobaki ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, kwa sababu mtoto huongea lugha ya mama yake. Kumpa Mwajemi mji mzima ni kuwafuta akina mama wote hao. Kusema hakuja mgeni yeyote nako ni uongo. Ukweli una pande mbili na unakaa vizuri tu kwenye sentensi moja: Waswahili walijenga.

Karibu na mjini: majina ya masultani, vivuli vya wengine

Ukirudi Mji Mkongwe bado una siku moja mfukoni. Barabara ya kwenda Bububu ina magofu ya karne ya 19, na haya yana majina makubwa. Maruhubi, kasri ya Sultan Barghash iliyokamilika mwaka 1882 na kuungua 1899. Zimebaki nguzo zilizosimama zenyewe na mabafu. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri ya Seyyid Said.

Maruhubi palikaa masuria wa Barghash. Idadi yao watembeza wageni wanaitaja kwa mbwembwe, majina hawayajui. Walitoka wapi, walipenda nini, nani alilia siku ya moto, hakuna. Waliobeba mawe nao ni hivyohivyo, kwenye kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu.

Sasa linganisha na Mtoni. Mwaka 1844 alizaliwa hapo binti wa Seyyid Said, Salme. Alikulia kisiwani, akaishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, aliitwa Jilfidan. Tunalijua jina hilo leo kwa sababu moja tu: mwanawe aliandika. Masuria wengine wa Unguja walikuwa na majina pia. Hawakuwa na mtu wa kuyaandika.

Na usidhani magofu ni mambo ya zamani. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883 pale Forodhani, lilikuwa nyuma ya selfi za kila mtu. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na bado jumba lilianguka mchana kweupe. Jengo la matumbawe na chokaa linataka kutunzwa kila mwaka. Mvua ikiingia juu ya ukuta, mzizi wa mti ukapata ufa, na jirani akaona mawe ya bure ya msingi wa nyumba yake, basi. Fukuchani haina umaarufu wa Beit al-Ajaib. Ikianguka usiku, nani atapost?

Ukienda peke yako

Begi dogo linatosha. Maji, kofia, kanga au kikoi cha kujifunika, chenji za daladala. Toka asubuhi, maana daladala za shamba jioni zinakata mapema. Ukifika kijijini usikimbilie gofu. Salimia, kaa barazani dakika mbili, uliza. Kwa dada anayesafiri mwenyewe, hiyo salamu ya barazani ndiyo ulinzi wako wa kwanza: kijiji kikishakujua kama mgeni wao, kila bibi anakuangalia. Mpe kijana anayekutembeza chochote kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Usipande kuta. Hata Chichén Itzá siku hizi huruhusiwi kupanda ile piramidi. Na usiokote kigae ukaweka begini. Kikiwa ardhini ni ushahidi, kikifika kwako Kinondoni ni uchafu wa mezani.

Halafu kapsheni. Najua inaonekana kitu kidogo, lakini tumeona jina "nyumba ya Mreno" lilivyong'ang'ania kwa miaka mingi kwa sababu mtu mmoja alisema, wa pili akaandika, wa tatu akanakili. Leo sisi ndio tunaoandika, na picha yako itaonekana na watu wengi kuliko kitabu chochote cha akiolojia. Usiandike "mji uliopotea". Usiandike "nyumba ya Mreno".

Andika: Fukuchani, Unguja. Nyumba ya Waswahili, karne ya 16. Fundi hatumjui jina.

Wewe uliyezaliwa Fukuchani, Unguja Ukuu au Makunduchi, na bibi yako ana stori ya gofu la kwenu, tuandikie hapo chini. Na jina la bibi liweke.